Bundi Mdogo wa Januari

Masika mwanangu,

Umekwenda kuwaaga watu wa korali, na najua hutarudi mapema kwa sababu watakuimbisha mpaka uchoke. Baba yako yuko nje anafunga mbuzi. Mimi nimekaa mezani na daftari lako la zamani la hesabu, lile lenye kurasa zilizobaki nyuma. Mambo ya sanduku sitayaandika. Neti, sabuni, vyeti vyako, vyote umevipanga vizuri kuliko ambavyo ningevipanga mimi, na namna ya kukaa na watu unaijua. Kuna jambo moja tu nimekuficha tangu uzaliwe, na siwezi kukuacha uende Mbarara kujifunza uuguzi bila kulijua.

Ni habari ya yule bundi mdogo.

Wewe umekua naye. Ulikuwa na miaka sita ulipoanza kuja mbio jikoni kuniambia, "Mama, ameanza!" na tulitoka wote kusikiliza. Wenzako shuleni walikucheka kwamba kwenu mnafurahia bundi, ukarudi nyumbani umenuna, nami nikakwambia waache, hawamjui. Sikukwambia kwamba hapa Bwera hakuna mtu aliyemwogopa ndege yule kuliko mimi, wala kwamba kwa ajili ya woga wangu mtu mmoja alifukuzwa nyumbani kwake.

Kaka yako Baluku unamjua kwa kaburi tu. Nimekuwa mchoyo wa habari zake, nisamehe. Alikuwa na miaka minne, mtoto wa kukimbia. Hata kutoka mlangoni kwenda kwenye mtungi wa maji alikimbia. Januari moja, katika kiangazi kikali, alipata homa. Siku ya kwanza nilimpa dawa ya dukani. Siku ya pili alikunywa uji, nikasema anapona. Siku ya tatu, saa tisa mchana, jua likiwa kali, bundi alilia kwenye mgunga uliokuwa nyuma ya nyumba.

Mchana, Masika. Bundi akilia usiku, watu wa hapa wananong'ona. Akilia mchana hawasemi hata neno, wanaingia ndani. Alianza polepole, filimbi moja, kisha nyingine, kisha nyingine, zikawa zinafuatana haraka na kupanda juu na kupata nguvu, nikahisi zinapanda kwenye mgongo wangu. Akanyamaza kidogo. Halafu akatoa tatu ndefu, za kushuka. Nilitoka nje nikaokota mawe. Nilimpiga mawe mpaka mkono ukauma, na sikumwona hata mara moja, ila nilimsikia akihama tawi na kuanza upya. Alasiri yote iliisha hivyo. Nilipoingia ndani Baluku alikuwa amelegea.

Asubuhi tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana, hakuwa na ubaya wowote. Alimfungua jicho mtoto, akamshika tumbo, kisha akaniuliza, "Mama, mbona hamkumleta jana?"

Jioni hiyo tulirudi naye amefunikwa shuka.

Lile swali sikuweza kulibeba. Jana nilikuwa na miguu, nilikuwa na mgongo wa kumbebea, na niliitumia jana yangu kumpiga ndege mawe. Mtu hawezi kulala na jambo kama hilo. Nikatafuta mtu mwingine wa kulibeba, nikampata shangazi yako Biira.

Biira ni dada mdogo wa baba yako, hilo unalijua. Usichojua ni kwamba alikuwa akiishi hapa hapa, kwenye ile nyumba ndogo ya uani. Alikuwa ameachika huko alikoolewa kwa sababu hakupata mtoto, na kaka yake akampokea. Mgunga ule ulikuwa mahali pake. Alifagia chini yake kila asubuhi, akachambua maharage pale, na mara nyingi nilimkuta ameinua uso anatazama juu, anatabasamu, midomo inacheza. Nilikuwa nimeliona hilo miezi mingi bila kulifikiria. Baada ya mazishi nililifikiria.

Siku ya tatu ya matanga, watu wakiwa wamekaa uwanjani wanakula ugali na sombe ya majani ya muhogo, nilisimama.

Nilisema, "Aliyemuua mwanangu yuko hapa, anakula sombe yangu. Muulizeni Biira anaongea na nani kwenye ule mti."

Watu wote walimgeukia. Alikuwa na sahani mkononi. Aliiweka chini polepole, akaniangalia, akasema, "Wifi, hapana." Hakuna aliyemtetea. Mama mmoja aliyekaa karibu naye alivuta sketi yake ili isimguse. Jua halijazama Biira alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye shuka na kushika njia ya kwenda kwa mjomba wao, huko juu Mahango. Baba yako hakumzuia. Kesho yake alichukua shoka akaukata mgunga. Nilikuwa ndani namsikiliza akikata, na sikupata faraja niliyoitegemea.

Wewe ulizaliwa Oktoba mwaka huo huo. Wakati huo ile nyumba ya uani nilikuwa nimeipangisha kwa mwanamke aliyetoka Beni, huko Kongo, Kavira, aliyekimbia vita na mifuko miwili. Siku za soko aliuza vitenge Mpondwe. Huko kwao alikuwa mwalimu wa korali parokiani, na hapa alikuwa hajamaliza hata mwezi padri akamkabidhi korali yetu. Masikio ya mwanamke yule sijayaona kwa mtu mwingine. Watu arobaini wakiimba, aliweza kumwelekezea kidole mmoja aliyekosea.

Januari ikarudi. Ulikuwa na miezi mitatu, nakuogesha kwenye beseni pale uani, saa kumi hivi. Filimbi ikaanza, safari hii kutoka kwenye mgunga wa uzio wa kanisa. Moja, nyingine, nyingine. Nilikunyakua na sabuni yako, nikakimbilia ndani, nikafunga mlango na dirisha, nikakukumbatia gizani huku joto likituchemsha wote wawili. Wewe ulilia. Mimi nilihesabu siku. Nilijiambia, siku tatu, nina siku tatu za kuwa naye.

Kavira akagonga.

"Mama Masika, iko nini? Mutoto anagonjwa?"

"Hukusikia?"

"Nimesikia. Iko muzuri sana!"

"Ni bundi, Kavira!"

"Najua iko bundi. Ile kadogo. Hata kwetu iko, kule chini kwenye majani. Anatafuta bibi."

"Anaita watu wafe."

Alisogea karibu na mlango. Kisha akasema kwa upole, "Fungua, mama. Mutoto ataungua na joto."

Nilifungua kwa ajili ya joto tu. Kavira alikuwa amesimama na mikono yenye povu la kufulia, ameinamisha kichwa upande. Alikunja midomo akapiga filimbi. Aliianza chini na kuipandisha kama alivyofanya ndege, kisha akatoa zile tatu za kushuka. Kanisani kukawa kimya. Halafu ndege akajibu, naye hajamaliza, sauti ya pili ikaingia kutoka upande wa shule, nyembamba zaidi, ya juu zaidi, ikifuata ile ya kwanza kwa nyuma kidogo.

"Sikia!" Kavira alinishika mkono na povu lake. "Ule wa kwanza iko teno. Huyu ni soprano. Bibi amejibu!"

Akapiga tena. Na ndege akaja.

Nataka nikueleze vizuri, kwa maana nimeona mambo mengi katika maisha yangu na hili bado sijalizoea. Alikuja chini chini, akapanda ghafla, akatua kwenye ukingo wa paa la jiko, hatua tano kutoka tulipokuwa. Miaka yote nilikuwa nimemwazia kitu kikubwa kama jogoo. Alikuwa sawa na ngumi yangu. Ngumi hii hii. Kahawia, amenyunyiziwa madoa meupe kifuani, macho ya njano, mkia anautikisa upande huu na huu kama mtu aliyekasirishwa na jambo dogo. Alinitazama. Sikukimbia, wala sikuwa na woga. Jina la kile nilichokuwa nacho sikulijua, na mpaka leo silijui. Kisha akageuza kichwa kutazama nyuma, na kisogoni alikuwa na macho mengine mawili, meusi, yaliyochorwa kwa manyoya.

"Mungu amemuchorea macho ya nyuma," Kavira alinong'ona, "adui asimukamate kwa mugongo."

Ndege wadogo wakaanza kuja. Chozi, kurumbiza, wengine nisiowajua, kutoka kila kichaka, wakamzunguka wakipiga kelele za kumtukana. Walikuwa wanamjua kwa sauti, wamekuja kumfukuza. Yeye alikaa tu. Nikawa natazama kiumbe mdogo yule, anayeogopa vitu kiasi kwamba amepewa macho pande zote, na nikakumbuka mawe yangu.

Nilimwambia Kavira, "Mwaka jana alilia, mtoto wangu akafa."

"Na mwaka mbele ya ule?"

"Sijui."

"Hakulia? Ama hukusikia?"

Nilianza kukufuta sabuni iliyokukaukia.

"Basi tumusikilize mwaka muzima," Kavira alisema, akarudi kwenye beseni lake.

Tukamsikiliza. Nilikuwa na wewe mgongoni na kazi zangu, naye alikuwa na vitenge vyake, lakini asubuhi na alasiri tulinyoosha masikio. Februari walikuwa wanaimba wawili kila siku, mume akianza na mke akimfuata, wimbo mrefu mpaka juu. Kavira aliuandika kwa do-re-mi nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mvua za Machi zilipoanza wimbo ulikatika ghafla. Nikasema wamekufa. Kavira akasema ngoja. Ndipo tukasikia filimbi moja moja, laini, ya jioni, isiyopanda. Tuliifuata mpaka kwenye tundu la kigong'ota katika ule mgunga wa uzio, na kwenye mlango wa tundu kulikuwa na uso wa mke amefumba macho. Alikuwa analalia mayai. Ile filimbi moja ilikuwa ya mume, amemletea chakula.

Aprili nilimwita Kavira kwa fahari kubwa, nikamwambia nimemsikia ndani ya mvua, anagonga to, to, to. Alisikiliza akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, ile si bundi! Ile iko ndege ingine, kadogo kama kidole, kafundi ka sufuria!" Alinisimamisha pale nisikilize mpaka nione tofauti: yule wa kugonga hapandi wala hashuki, anarudia sauti moja kutwa. Nilijifunza kwa kukosea, mara nyingi. Mei ilikuja sauti ambayo hata Kavira hakuijua, kama mtu anayeombaomba kwa kukwaruza, na tulipoangalia tulikuta watoto watatu wamejipanga kwenye tawi, wamevimba manyoya, wanatazama dunia kwa macho ya njano kama watu walioshuka kwenye basi mji wasioujua. Julai, kiangazi kifupi, baba yao aliimba tena, lakini nusu tu, bila zile tatu za mwisho. Mvua za Oktoba akanyamaza kabisa. Nilishangaa kujikuta natamani sauti yake.

Na Januari, saa tisa mchana, jua likiwa kali, akaanza. Wimbo wote, mpaka juu, na zile tatu za kushuka.

Ulikuwa umejifunza kutembea. Ulikuwa umesimama pale uani, umeshika kisiki cha mgunga, ukainua kidole. Hukuumwa siku hiyo wala wiki hiyo, wala hakuna aliyekufa mtaani kwetu mwezi ule. Nikaelewa. Aliimba Januari ile ya mwaka wa kwanza kwa sababu ilikuwa Januari. Aliimba Januari niliyoolewa. Aliimba kabla bibi yangu hajazaliwa. Wimbo mkubwa namna ile, wa zamani namna ile, ulikuwa unapita juu ya nyumba yangu kila mwaka, na mimi nilikuwa nimeusikia mara moja tu, nikaugeuza kuwa habari zangu.

Kujua ni jambo moja. Kupanda Mahango kulinichukua miezi mingine mitano, na sina sababu ya kukupa zaidi ya aibu.

Nilikubeba mgongoni, teksi mpaka Kasese, kisha bodaboda tukapanda mpaka njia ikawa ya miguu. Nilimkuta Biira anageuza kahawa kwenye mkeka. Alikuwa amekonda. Alikutazama wewe kwanza, kwa muda mrefu, kisha mimi, akaendelea kugeuza kahawa.

Nilipiga magoti nikasema yote. Nilisema ndege yule huimba kila mwaka, nimehakikisha, nilikosea, naomba unisamehe.

"Mwaka mzima umemsikiliza?" aliuliza.

"Mwaka mzima."

"Mimi nilimsikiliza miaka mitatu. Wewe hukuniuliza." Aliacha kahawa, akakaa kwenye ukingo wa mkeka. "Baluku ndiye alimwona wa kwanza. Ulikuwa umeenda shamba. Alikuja ananivuta nguo, shangazi, shangazi, kuna mtu mdogo ndani ya mti. Nikambeba begani, akachungulia kwenye tundu la mti ule. Tulikuwa tunaenda kila siku. Alijua kupiga filimbi yake. Hakuweza zile za kupanda, meno yalikuwa hayajakaa vizuri, lakini zile tatu za mwisho aliziweza. Na ndege alikuwa anamjibu."

Nilikufungua mgongoni, nikakupakata.

"Siku ile ya homa," Biira alisema, "alisikia. Nilikuwa nimekaa naye ndani wakati wewe unarusha mawe. Alicheka. Alisema, shangazi, ananiita tucheze."

Masika, nililia pale kama ambavyo sikuwahi kulia kwenye matanga. Nilikuwa nimedhani nilimjua mwanangu kikamilifu na nilimzika bila kubakiza kitu. Kumbe kulikuwa na Baluku mwingine, mwenye rafiki mtini, mwenye wimbo, na aliyekuwa amemtunza miaka miwili na nusu juu ya mlima ni yule niliyemfukuza. Mti ule tulioukata ulikuwa wa mwanangu.

Biira aliniacha nilie. Hakunishika. Nilipomaliza alisema, "Uliniita mchawi mbele ya watu wakiwa wamekaa. Niite jina langu mbele ya watu wakiwa wamekaa. Hapa kwenye kahawa hakuna anayesikia."

Umewahi kuniuliza mbona kwenye picha ya ubatizo wako umesimama kwa miguu yako mwenyewe, wakati wenzako wote wamebebwa. Ni kwa sababu nilikuchelewesha mpaka nipate nguvu. Siku hiyo, baada ya misa, watu walikaa uwanjani kwetu pale pale, wengi wao wale wale. Biira alikuja kwa sababu baba yako alikwenda kumchukua; alitoka alfajiri bila kuniaga. Nilisimama. Nilisema, "Niliwaambia kwamba Biira alimuua mwanangu. Nilisema uongo. Mwanangu alikuwa mgonjwa siku tatu na mimi ndiye sikumpeleka hospitali. Huyu ni Biira, wifi yangu, na alimpenda Baluku."

Usidhani palitokea vigelegele. Mzee mmoja alikohoa. Yule mama aliyevuta sketi yake aliondoka bila kula, na mpaka leo hapiti mbele ya nyumba yetu. Baba yako aliinama, mabega yakawa yanatikisika. Ndiyo mara pekee nimemwona hivyo. Biira akasema, "Nimesikia." Kisha akaenda akakuinua, akakuweka begani, na padri alipouliza jina la mama wa ubatizo aandike kwenye kitabu, alijitaja mwenyewe.

Hakurudi kuishi hapa. Nilimwomba, akasema kule juu kuna baridi nzuri. Nadhani kuna jambo ambalo halirudi, nami nimejifunza kutolidai. Kavira alirudi Beni ulipokuwa na miaka minne, simu zake zikaja miaka miwili kisha zikakatika. Kile kitabu cha nyimbo aliniachia. Kipo kabatini, na maandishi yake ya kalamu nyekundu nyuma.

Nimekwambia haya mimi mwenyewe kwa sababu Bwera ni ndogo na siku moja ungeambiwa na mtu mwingine, kwa namna yake. Ukinikasirikia, una haki. Kesho nitakusindikiza stendi na sitakuuliza kama umesoma.

Ila nakuomba kitu kimoja. Huko wodini atakuja mwanamke ambaye mtoto wake amechelewa kuletwa. Mtamwambia habari, naye ataanza kupiga kelele kwamba ni fulani, ni jirani, ni wifi, ni wewe nesi na sindano yako. Maneno yake yatakuwa mabaya. Usibishane naye, na usimwulize mbona hakumleta jana. Yeye mwenyewe ameshajiuliza. Mletee kiti. Kaa naye mpaka anyamaze.

Huyo ni mimi, Masika. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuna aliyeniletea kiti.

Nenda vizuri, mwanangu.

Mimi mama yako, mama yake Baluku